Nani Atabaki na Mtoto?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Bunia, Lubumbashi na kila pahali munapotusoma,

Mumezoea kutusikia tukiongea juu ya maji, umeme, barabara, vita na wakubwa wanaokula feza ya wanainchi. Leo tunaongea juu ya jambo lenye halina bango wala filimbi. Liko nyuma ya milango iliyofungwa, katika kartie zetu zote, kwa tajiri na kwa maskini. Tunaongea juu ya wazazi wenye watoto wao akili yao imeguswa: mtoto wa otismu, mtoto wa trisomia 21, mtoto ambaye ubongo wake uliumia siku ya kuzaliwa ama kisha malaria kali kupanda kichwani, kijana wa miaka 16 mwenye ameanza kusikia sauti zenye wengine hawasikii. Tunaongeza wazazi wa watoto wa kifafa, hata kama kifafa ni ugonjwa wa ubongo, juu watu wanawatendea namna moja.

Wazazi hawa wako peke yao katikati ya watu. Jirani wako kulia, jirani wako kushoto, muziki unapiga mpaka usiku, lakini mlango wao haugongwi. Na tunataka kusema wazi: huo upweke hautoki kwa Mungu, wala hautoki kwa mtoto. Umetengenezwa na watu, na kitu chenye watu wametengeneza, watu wanaweza kukibomoa.

Angalieni vile urafiki unaenda kwetu. Kwetu urafiki ni kufika. Mtu akizaa, unafika. Akifiwa, unafika ku kilio, unakaa na wengine mpaka usiku, unatoa kitu kidogo. Kuko ndoa, unafika na kitenge cha wote. Siku ya likilimba, unafika na franka yako mkononi. Siku ya Mungu unafika kanisani, na kisha ibada munabaki inje mukiongea. Mwenye kufika, watu wanafika kwake. Mwenye hafiki, jina lake linatoka pole pole, bila mtu yeyote kukaa na kuamua kama litoke.

Sasa tufikirie mama mwenye mtoto wa miaka 9. Mtoto hasemi. Anakimbia barabarani bila kuogopa moto wala lori. Kelele ikiwa nyingi, anapiga kichwa ku ukuta. Huyo mama anafika namna gani ku kilio? Akienda na mtoto, watu wote wanageuka kuangalia. Akienda bila mtoto, nani atabaki naye? Anakosa mara ya kwanza, watu wanaelewa. Anakosa mara ya tano, watu wanasema anajivuna. Anakosa mara ya kumi, hawamwite tena. Na siku yeye mwenyewe atafiwa, viti vitabaki wazi.

Hakuna mwenye amemchukia. Ni hesabu tu ya kufika na kukosa. Ndiyo maana tunasema kama nusu ya upweke wa hawa wazazi iko ndani ya swali moja dogo, lenye linawafuata ku soko, ku kazi, ku kanisa na ku lopitali: nani atabaki na mtoto?

Ndani ya nyumba nako hakuna pumziko. Mtoto akifika miaka mitatu bila kusema "mama", familia zinaitana. Upande wa bwana wanasema: "Kwetu hatuyaonaka ugonjwa ya hivi." Upande wa bibi wanajibu: "Hata kwetu haiko." Kila upande unatafuta namna ya kutupa lawama ngambo ya pili, na katikati kuko mama mwenye kukaa kimya na mtoto ku mapaja. Mara mingi ni yeye wanambebesha: alikula nini wakati wa mimba, alikosea nani, alitembea wapi. Kisha bwana anaanza kuchelewa kurudi. Kisha anapata safari za kazi zenye hazikuwaka. Kisha unasikia ana nyumba ingine.

Hatusemi kama wababa wote wanakimbia. Kuko wababa wanaobeba mtoto wa miaka 12 mgongoni mpaka ku sentre ya afya, wanaomwosha, wanaomlisha kwa kijiko. Nao wako peke yao kwa namna yao. Ku kazi na ku nganda, wenzao wanahesabu: wangu amepata diploma, wangu amefunga ndoa. Yeye anacheka pamoja nao na hasemi kitu. Mwanaume alifundishwa kama shida ya nyumba haitoki inje, basi hana pahali pa kusema "nimechoka".

Hata wenye wamebaki pamoja, bwana na bibi wanaweza kupitisha miezi bila kuongea kitu kingine kuliko dawa, franka ya dawa, na usiku huu nani ataamka. Ndoa inageuka zamu ya walinzi: mmoja analala, mwingine analinda. Wanapendana bado, lakini hawakutani.

Na kuko wengine wenye hatuwezi kuwaruka, juu wengi wao ni ninyi wenyewe munaotusoma: mayaya na wadogo wa hao watoto. Yaya wa kike wa miaka 14 mwenye ameacha masomo juu mama lazima aende kuuza. Kijana mwenye haleti marafiki nyumbani. Binti mwenye mchumba wake amesikia habari ya mdogo wake, na familia ya mchumba imeanza kuulizauliza. Tunawaambia: ninyi hamukupewa kazi ya kulinda siri. Hakuna haya mu damu yenu. Kumtunza ndugu yako ni upendo, lakini kupoteza masomo yako juu inchi haina mtu wa kukusaidia, hiyo si upendo, hiyo ni kuachwa.

Maneno ya avenyu nayo yanafunga mlango. "Kichaa." "Kilema." "Mutoto ya shetani." "Bilimulogaka." "Ule mama alitoaka mutoto wake juu apate makuta." Tunayasikia ku bomba la maji, ku soko, mu taxi. Basi tuseme mambo yenye waganga wanajua. Trisomia 21 inatokea wakati mtoto anapata kromozomu tatu za namba 21, pahali wengine wana mbili. Ndiyo sababu dunia inaikumbuka tarehe 21 mwezi wa 3. Otismu ni namna ubongo unavyojijenga tangu mwanzo; hailetwe na chanjo, hailetwe na malezi mabaya, hailetwe na zambi za mama. Kifafa hakiambukizi: ukimgusa mtoto mwenye ameanguka, ukimlaza upande, ukiondoa vitu vya kumwumiza, hutapata kitu, na pengine utamwokoa. Usimtie kijiko mdomoni. Baki naye mpaka aamke.

Tuongee pia bila woga juu ya vyumba vya maombi. Kuomba si kosa. Wazazi wengi wamebaki wima juu ya maombi, na kuko mapasta, mapadri na maimamu wenye wanafika kwa hizi nyumba wakati wengine wote wameacha. Lakini mtoto asiyesema hanyimwi chakula siku tatu ili pepo atoke. Mtoto wa kifafa haachishwi dawa juu mtu amesema amepona: kuacha dawa ya kifafa kwa rafla kunaweza kuleta kifafa chenye hakikatiki, na mtoto anakufa. Na kumwita mtoto mulozi ni kosa mbele ya sheria yetu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inapanga gereza la mwaka mmoja mpaka mitatu kwa mwenye kutesa roho ya mtoto kwa kumshitaki ulozi. Mzazi mwenye ameambiwa kama mtoto wake ni mulozi anakimbia ile kanisa, na mara mingi hatafuti ingine. Hapo amepoteza watu wake wa mwisho.

Masomo nayo. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kama masomo ya msingi mu masomo ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu mwaka wa masomo wa 2019 serikali inasema inaitekeleza. Lakini mzazi wa mtoto wa otismu akifika ku mlango wa direkta, anaambiwa: "Mutoto wako atasumbua benzake, mutafutie pahali pake." Pahali gani? Masomo ya watoto kama huyo ni ya kuhesabu kwa vidole, iko mu miji mikubwa, na mingi inalipisha. Basi mtoto anarudi nyumbani, na mama anarudi naye, mchana wote, mwaka wote.

Kisha vita. Usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbia gizani na watoto mgongoni. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma, katikati ya Februari ikaingia Bukavu, na nyumba nyingi zilijifunza kulala chini mbali na madirisha. Fikirini mtoto mwenye mlio wa sahani inayoanguka unamtosha kulia saa nzima. Risasi zikianza, anapiga makelele, na watu wenye mumejificha pamoja wanasema: "Mumunyamazishe, atatuuwisha!" Fikirini kukimbia na kijana wa kilo 50 mwenye hataki kutoka mu chumba chake. Fikirini kulala ndani ya klasi moja na familia makumi, na wote wanakuomba uende mbali na mtoto wako. Kuko wazazi wanaokataa kukimbia, juu wanajua kwenye wanaenda hakuna mwenye atawapokea. Vita inawakuta peke yao, na inawaacha peke yao zaidi.

Na matunzo je? Goma kuko sentre Tulizo Letu. Bukavu kuko SOSAME. Lubumbashi kuko sentre Joseph Guislain. Ni kazi ya mafurere wa Charité, na tunawashukuru. Tulizo Letu ni jina zuri kabisa. Lakini inchi yenye kilometa za mraba zaidi ya milioni 2 haiwezi kuacha akili ya watoto wake mikononi mwa mafurere, kisha ikalala. Mama wa Shabunda ama wa Walikale atafika namna gani, na franka gani, na nani atabaki na wale watoto wengine?

Tunajua wakubwa watajibu nini: inchi iko na vita, haya mambo yatangoje. Tunawajibu kama walishaweka sahihi. Kongo iliingia mu Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2015. Mapatano hayo yanahesabu wazi watu wenye ulemavu wa akili. Kifungu cha 23 kinasema serikali itazuia watoto hao wasifichwe, wasiachwe, wasitengwe, na kwa hiyo itawapa watoto na familia zao habari, kazi za msaada na kuungwa mkono, tena mapema. Kifungu cha 28 kinaenda mbali zaidi: kwa familia zenye kuishi mu umaskini, kinataja msaada wa serikali kwa gharama za ulemavu, mafundisho, mashauri, na matunzo ya kumpumzisha mzazi. Kumpumzisha mzazi! Lile swali la "nani atabaki na mtoto" liko ndani ya mapatano yenye inchi yetu ilikubali. Kisha kuko sheria yetu wenyewe, sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Na juu ya zote kuko katiba, kifungu cha 49.

Kwa hiyo mzazi mwenye kuomba msaada haombi sadaka. Anadai deni. Lakini mtu mmoja aliyefungiwa ndani hadai kitu. Hana masaa ya kuandika barua, hana mtu wa kutembea naye mpaka ku ofisi, na anafikiri ni yeye tu mu muji muzima mwenye mtoto wa namna hiyo. Mara ingine kuko mama mwingine kama yeye ku avenyu ya tatu, naye anafikiri vilevile. Ndiyo maana upweke wao ni jambo la siasa. Watu wenye hawajuani hawaandamani. Serikali isiyotaka kulipa deni inapenda sana wadeni wake wasijuane.

Basi tunadai na tunapendekeza haya.

1. Serikali ya Kinshasa na serikali za mikoa zitangaze, kwa namba, ni franka ngapi ya bajeti inaenda ku afya ya akili na ku utekelezaji wa sheria ya 2022, na ni ngapi zilitoka kweli. Kila zone ya afya iwe na muuguzi mmoja mwenye kufundishwa juu ya magonjwa haya, na dawa za kifafa zisikosekane ku sentre za afya. Kule kwenye vita iko, mwenye kushika muji kwa silaha asiseme kama afya ya raia haimuangalie: dawa zipite, wagonjwa wapite.

2. Madirekta wa masomo waache kufukuza watoto ku mlango. Kama kwa kweli hamuna mwalimu wa kumfundisha, muandike ile sababu ku karatasi na kutia muhuri. Wazazi wakiwa na ile karatasi, wataenda kudai ku wenye wanapaswa kujibu.

3. Kanisa na misikiti zifungue chumba kimoja siku ya ibada, na watu wawili watatu wa kukaa na hawa watoto, ili mama asali saa moja bila kuangaliwa. Na mwenye kuita mtoto mulozi mbele ya watu asikingwe na viongozi wenzake.

4. Mashefu wa avenyu na wa nyumba kumi wasipite mbele ya hizi nyumba kama haziko. Wakati wa kugawa msaada na wakati wa kupanga namna ya kukimbia hatari, nyumba zenye mtoto wa namna hii ziandikwe za kwanza, kwa ruhusa ya wazazi.

5. Na sisi vijana: masaa mbili. Kila kikundi chetu cha kartie kitafute familia moja ama mbili, kiende kusalimia, kirudi tena, na wazazi wakikubali, kiwape masaa mbili kwa juma. Mama aende likilimba. Bwana na bibi waende kunywa chai wawili. Yaya aende masomo. Kuko kanuni zenye hatutavunja: tunaenda wawili, hapana mmoja, mzazi ndiye anachagua nani anaingia, mtoto habaki na mtu mwenye hajamzoea, mzazi anatufundisha kwanza nini inamtuliza na nini inamtisha. Na hakuna picha. Hakuna video, hakuna kuweka mtoto wa watu ku mtandao ili watu waseme sisi ni wazuri.

6. Kisha, wazazi wajuane. Kama kikundi kimejua nyumba nne zenye shida moja, kiwaulize kama wanataka kukutana, na siku ya kukutana vijana wabaki na watoto. Tusiwaongoze, tusiwasemee. Wakae wenyewe, wacheke, walie, waambiane duka gani dawa ni ya bei ndogo na muganga gani anasikiliza. Siku watataka kuandika barua ku ofisi ya mkoa, tutatembea nyuma yao.

Kuko mtu atauliza: masaa mbili itabadilisha nini? Haitaponya mtoto. Haitarudisha bwana mwenye ameenda. Hailipi deni la serikali, na serikali isitumie kazi yetu kama sababu ya kulala. Lakini mama mwenye amefika ku kilio ya jirani yake amerudi ku hesabu ya watu. Hiyo ndiyo mwanzo.

Mukiingia mu hizi nyumba, mutaona pia kitu chenye hatuambiwake. Watoto hawa wanacheka. Wanajua nani anawapenda na nani anaigiza. Kuko mwenye anajua nyimbo zote za redio, kuko mwenye anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi mpaka vinakuwa vizuri kama kitenge. Wazazi wao hawaishi paka na mzigo. Wanaishi na mtoto wao, na wangependa mtu mwingine pia amjue jina lake, hapana jina la ugonjwa.

Na kuko swali la mwisho, lenye wazazi hawa wanajiuliza usiku na hawalisemi mchana. Wengine wote wanaomba kuzeeka na kuzikwa na watoto wao. Wao wanaogopa kufa mbele ya mtoto. Siku nitaondoka, nani atabaki naye? Leo jibu ni: hakuna. Ni juu yetu hilo jibu libadilike, ku sheria, ku bajeti, na ku mlango wa jirani. Hatutaki inchi ambamo mzazi anaomba mtoto wake atangulie kufa juu hamuamini mtu yeyote.

Juma hii, gongeni mlango mmoja.